Mwalo Ndani ya Darasa: Mwongozo wa Kufundisha kwa Vitendo kwa Walimu wa Mwanza na Kando ya Ziwa

Mtoto wa darasa la V anayeishi Kirumba, Igombe au Nansio anaweza kukutajia bei ya sado (kopo la kupimia) ya dagaa ya jana na ya leo, kisha akakueleza kwa nini imepanda. Mwandikie mtoto huyohuyo ubaoni "tafuta asilimia ya faida", anainamisha kichwa. Hesabu anaijua. Ambalo hajaonyeshwa ni kwamba ile ya mwaloni, pale samaki wanaposhushwa, na hii ya ubaoni ni moja.

Mwongozo huu ni kwa mwalimu mwenye darasa lililojaa, ubao, chaki, na fedha kidogo au hana kabisa za kununulia zana. Shughuli zinafaa darasa la III hadi la VII, na nyingine zinaweza kurahisishwa kwa wadogo. Kipimo changu cha shughuli nzuri ni kimoja: kila mtoto awe na kazi ya kufanya kwa mkono wake, na mwishoni pawe na kitu kilichoandikwa daftarini. Ikikosa la kwanza, wanafanya watano na wengine wanatazama. Ikikosa la pili, watoto wanafurahi, kengele inalia, na kesho yake hakuna kinachokumbukwa.

Panga watoto kabla ya kupanga somo

Shughuli nyingi hufia hapa. Uwiano unaotakiwa ni mwalimu mmoja kwa wanafunzi 45, lakini sote tunajua madarasa ya mjini yanavyokuwa. Chukua darasa la watoto 90, watatu watatu kwa dawati. Usihamishe madawati yote. Mwambie kila anayekaa dawati la mbele ageuke atazame la nyuma yake. Tayari una makundi 15 ya watoto sita sita, na hakuna dawati lililoburutwa.

Yape makundi majina ya visiwa vya ziwa letu: Ukerewe, Ukara, Kome, Maisome, Rubondo, Saanane, Irugwa, Goziba, Juma, Bumbire, Ikuza. Yakizidi, ongeza majina ya samaki. Baada ya mwezi mmoja darasa zima linavijua visiwa hivyo bila kukaririshwa, na unaweza kuwapa kazi ya kuvitafuta kwenye ramani.

Kila mtoto katika kundi awe na kazi yenye jina: mwenyekiti, mwandishi, mpimaji, mtunza vifaa, mtunza muda na msemaji. Kazi hizi zizunguke kila wiki, na orodha ibandikwe ukutani ili pasiwe na ubishi. Zingatia sana jambo moja: ukiwaachia wenyewe, wavulana watashika mizani na wasichana watapewa kuandika au kufagia mchanga. Usiliache litokee mara mbili. Mtoto anayeandika kila siku hajifunzi kupima, na anayepima kila siku hajifunzi kueleza alichopima.

Kisha fundisha ishara ya kunyamaza, na uifundishe siku ambayo huna shughuli. Nyosha mkono juu bila kusema neno. Kila anayeuona ananyosha wake na kufunga mdomo, mpaka darasa zima limenyosha. Fanyeni mazoezi mpaka izoeleke. Kupiga meza kwa fimbo hakusaidii, kwa sababu kelele inajibiwa kwa kelele. Na kwa kuwa nimeitaja fimbo: siku ya shughuli iache ofisini. Mtoto anayeiogopa hawezi kubahatisha jibu, na katika kazi hizi kubahatisha ndiko kunakoanzisha kufikiri.

Shughuli kubwa: soko la mwaloni

Hii inahitaji vipindi viwili mfululizo, yaani dakika 80. Zungumza mapema na mwalimu wa taaluma akupangie. Ndani yake kuna vipimo, fedha, sehemu, faida na hasara, asilimia, na mazungumzo mazuri ya Kiswahili.

Wiki moja kabla, watume watoto wakaulize bei nyumbani au sokoni: sado ya dagaa wakavu, kilo ya sangara, sato mmoja wa wastani, fungu la nyanya, lita ya mafuta ya kula. Waandike bei, mahali na siku. Watoto wa darasa moja wataleta bei tofauti za kitu kilekile. Usiharakishe kuchagua iliyo "sahihi". Waulize kwa nini Kirumba mwaloni, ambako dagaa wanashushwa kutoka visiwani, bei haifanani na ya Buzuruga au Kisesa. Usafiri, mikono ambayo bidhaa imepitia, msimu: watayataja wenyewe.

Wakati huohuo kusanyeni vifaa. Mchanga mkavu ndio dagaa wetu. Vizibo vya soda ni nyanya. Sato na sangara wakatwe kwenye maboksi, na hapo kuna somo la vipimo tayari: sheria ya uvuvi hairuhusu kuvua sangara aliye chini ya sentimeta 50 wala sato aliye chini ya sentimeta 25, basi kila kundi likate mmoja halali na mmoja haramu, likitumia rula. Noti za karatasi ziwe za 1,000, 2,000, 5,000 na 10,000 kama zilivyo mifukoni mwetu, na vizibo vilivyoandikwa viwe sarafu. Usiruhusu chakula cha kweli kuletwa. Mwenye nacho ataleta, asiye nacho ataona aibu, na wewe utabaki na mchanga uliochanganyika na nyanya.

Mizani inatengenezwa kwa fimbo iliyonyooka, kamba tatu na vifuniko viwili vya ndoo vinavyolingana. Funga kamba ya katikati mahali ambapo fimbo inatulia sawa. Mawe ya mizani ni chupa za maji: lita moja ya maji ina uzito wa kilo moja, kwa hiyo chupa ya mililita 500 iliyojaa ni nusu kilo. Uzito wa chupa tupu ni mdogo sana, unaweza kuuacha. Waache watoto wagundue pia ni sado ngapi zinazojaza ndoo ya lita 20. Wabishane kwanza, wapime baadaye.

Siku yenyewe, dakika kumi za kwanza eleza kanuni na uziandike ubaoni. Dakika kumi zinazofuata makundi yanafungua meza. Kisha dakika 30 za biashara: nusu ya makundi wauze, nusu wanunue, na baada ya dakika 15 wabadilishane. Kila kundi la wanunuzi lipewe kadi yenye fedha na mahitaji, kwa mfano: "Mna Sh 10,000. Mnapika kwa watu saba. Nunueni dagaa, nyanya na mafuta, na mrudi na nauli ya Sh 1,000." Wauzaji lazima waandike kila mauzo kwenye daftari la mauzo: kitu, kiasi, bei, chenji. Asiyeandika meza yake inafungwa kwa dakika mbili. Kanuni hii itekeleze kweli, maana bila maandishi soko ni mchezo tu.

Wewe zunguka. Usifundishe katika dakika hizi. Sikiliza nani anahesabu chenji kwa kupanda kutoka bei mpaka noti na nani anatoa kichwani, nani anakosea robo na nusu. Andika majina kwenye kikaratasi.

Dakika 20 baada ya biashara ndizo somo lenyewe, na ndizo walimu wengi huzila kwa kuongeza muda wa mchezo. Rudisha kila mtu kwenye dawati, kisha weka hesabu hii ubaoni, ukiwaambia kwamba bei ni za mfano:

Mchuuzi alinunua ndoo 6 za dagaa wabichi kwa Sh 12,000 kila ndoo. Alilipa Sh 8,000 kwa usafiri na kuanika. Walipokauka alipata sado 20. Mvua ikanyesha usiku, robo ya dagaa wakaharibika. Waliobaki aliwauza Sh 6,000 kwa sado.

Gharama ni Sh 80,000. Zimebaki sado 15, mauzo ni Sh 90,000, faida ni Sh 10,000, sawa na asilimia 12.5 ya gharama. Kisha uliza: mvua isingenyesha je? Sado 20 zingeleta Sh 120,000, faida Sh 40,000, asilimia 50. Wape muda waione tofauti hiyo. Swali la mwisho ndilo tamu zaidi: baada ya mvua, angeuza sado kwa bei gani ili faida ibaki Sh 40,000? Jibu ni Sh 8,000. Lakini uliza pia, mnunuzi angekubali bei hiyo? Hapo utawasikia watoto ambao hawajawahi kunyosha mkono kwenye somo la Hisabati wakitoa hoja, kwa sababu wameyaona hayo kwa macho.

Kwa darasa la III na IV ondoa asilimia, punguza namba, baki na gharama, mauzo na tofauti yake. Darasa la VI na VII waongeze mgao: fedha za mafuta ya injini zikitolewa kwenye mauzo, tajiri mwenye mtumbwi anachukua sehemu kadhaa na kila baharia sehemu yake. Waulize nyumbani utaratibu wa mgao wa kwao ulivyo, maana haufanani kila mwalo, halafu watunge hesabu yao.

Tahadhari moja ninayoiweka mbele ya zote. Darasani mna watoto wanaouza dagaa au kubeba ndoo kabla ya kuja shule. Watakuwa mabingwa wa shughuli hii, na ni vizuri wang'are. Lakini usimwite mtoto kwa kazi ya mzazi wake, usiulize mama yake anapata shilingi ngapi, wala usimfanye mfano mbele ya wenzake bila yeye kupenda.

Mwezi na taa za dagaa

Shughuli hii ya Sayansi inachukua mwezi mzima, ila kila siku inakula dakika tano tu. Kila mtoto anachora jedwali lenye visanduku 30. Kila siku anachora umbo la mwezi aliouona, na chini yake anaandika kama mitumbwi ya dagaa ilitoka usiku huo. Anaweza kuuliza nyumbani, kwa jirani, au kutazama mwenyewe kama taa zinaonekana ziwani.

Anzeni mwezi unapoandama. Siku za mwanzo watauona jioni upande wa magharibi. Mwezi mpevu unachomoza mashariki wakati jua linazama. Baada ya hapo unachelewa kuchomoza, watoto watakuwa wamelala na watakuambia "mwezi haupo". Jiandae kwa hilo: waambie wautafute asubuhi wakija shule, saa kumi na mbili na nusu hivi, upande wa magharibi au juu utosini. Wengi watashangaa kuukuta mchana kweupe.

Waonyeshe pia jambo ambalo vitabu vingi hukosea kwa anga letu. Picha za vitabuni huuchora mwezi mwandamo umesimama wima, kwa sababu ndivyo unavyoonekana nchi za mbali na ikweta. Huku kwetu unalala chali, pembe juu. Mtoto akichora ulivyolala, amechora sahihi. Mpe alama zake.

Mwisho wa mwezi hesabuni siku kutoka mwandamo hadi mwandamo. Ni siku 29 na nusu hivi. Kisha chora ubaoni grafu ya mihimili: ni watoto wangapi waliandika "wametoka" kwa kila siku. Grafu itashuka siku za mbalamwezi na kupanda siku za giza. Sababu waitafute wenyewe kwanza: dagaa wanafuata mwanga wa taa, na mwezi ukiwaka ziwa zima taa inakosa nguvu ya kuwavuta. Wanafunzi wa shule za mbali na maji, kama Kwimba, wanaweza kuandika bei ya dagaa gulioni badala ya mitumbwi, na kulinganisha wiki za giza na za mbalamwezi.

Kata mnyororo wa kichocho

Hapa hatuchezi, ingawa watoto watacheka. Kichocho kinawapata watoto wetu wengi kando ya ziwa, na somo la ubaoni pekee halijatosha. Tumia kamba ndefu ya katani, nje, chini ya mti. Usiwapeleke watoto majini wala kuwaagiza walete konokono.

Weka vituo vitano kwa duara: mtu mwenye kichocho, mayai yanayotoka na choo au mkojo na kuingia majini, kijidudu kilichoanguliwa kinachotafuta konokono, konokono wa majini ambamo kinaongezeka, vijidudu vinavyotoka kwa konokono na kupenya ngozi ya mtu aliye majini. Kila kituo kina kundi lake, wote wameshika kamba moja, na kila kundi linaeleza kwa sentensi moja linafanya nini kabla ya kuipitisha.

Zungukeni mara mbili. Kisha uliza: mnaweza kuukata wapi? Mtoto anayetoa jibu lenye maana anakwenda mahali hapo, wenzake wanaachia kamba. Choo kinakata baina ya mtu na maji. Dawa ya kichocho, prazikwanteli, inayogawiwa shuleni inakata ndani ya mtu. Waeleze wale chakula kabla ya kuinywa ili isiwasumbue tumbo. Kutooga ziwani kunakata mwishoni, na hapo uwe mkweli: wapo watoto ambao nyumbani kwao maji ni ya ziwa tu. Wafundishe kuchota na kuyaacha maji siku moja hadi mbili kabla ya kuogea, au kuyachemsha, kwa sababu vijidudu hivyo haviishi muda mrefu nje ya konokono. Daftarini wachore duara lenye mishale na kuweka alama ya mkasi sehemu tatu.

Kiswahili: L na R bila kuchekana

Watoto wengi wetu wanaanza shule wakizungumza Kisukuma, Kikerewe, Kijita au Kizinza, na sauti za L na R zinawachanganya. Kuwasahihisha kila wanapofungua mdomo kunawafanya wanyamaze, na mtoto aliyenyamaza hajifunzi lugha.

Fanya hivi. Ukuta wa kushoto ni L, wa kulia ni R. Taja neno ukiwa umegeukia ubao: kalamu, karamu, mahali, mahari, fahali, fahari, kula, kura. Kwa darasa kubwa, wasihame. Wanyoshe mkono wa upande unaohusika. Wakishazoea kusikia, wawili wawili wasomeane, msikilizaji aonyeshe mkono. Msomaji akionyeshwa upande asioukusudia, anarudia mwenyewe, bila mwalimu kuingilia. Kisha kila mmoja atunge sentensi moja yenye maneno yote mawili: "Mgeni alisahau kalamu yake kwenye karamu." Dakika 15, mara mbili kwa wiki, zinatosha.

Vitendawili navyo ni vya kufungulia kipindi. "Kitendawili!" "Tega!" Mkishindwa, mtegaji apewe mji. Agiza kila kundi litunge kimoja kipya kuhusu kitu cha ziwani ambacho si samaki: nanga, kasia, gugumaji, ukungu wa asubuhi.

Daraja, ziwa na mdako: shughuli za kipindi kimoja

Daraja la J.P. Magufuli kati ya Kigongo na Busisi, lililofunguliwa Juni 2025, lina urefu wa kilomita 3. Wanafunzi walichore kwa skeli ya sentimeta 1 kwa mita 200. Litakuwa sentimeta 15, linaingia vizuri kwenye ukurasa wa daftari. Kisha muda: mtembea kwa miguu wa kilomita 4 kwa saa anatumia dakika 45, gari la kilomita 40 kwa saa dakika 4 na sekunde 30. Waulize wazee muda waliokuwa wakikaa kusubiri kivuko, na watoto wahesabu tofauti.

Ziwa Victoria lina eneo la kilomita za mraba 68,800 hivi. Chora mraba wa visanduku 100: takriban 51 ni Tanzania, 43 Uganda, 6 Kenya. Paka rangi tatu. Asilimia, sehemu na ramani vimeingia kwa mkupuo.

Kwa wadogo, mdako ni hesabu tupu. Watoto watano, kishimo kimoja, mawe 20. Kila anapotoa mawe anatamka: "Nimetoa saba, yamebaki kumi na tatu." Asiyetamka zamu yake inapita. Mawe Mwanza hatujawahi kuyakosa.

Dakika tano za mwisho

Usifunge shughuli yoyote kwa "mmeelewa?" Watajibu "ndiyoo!" wote. Wape kila mmoja kipande cha karatasi, robo ya ukurasa wa daftari la zamani, na swali moja tu. Baada ya soko: "Sado 12, robo imeharibika. Zimebaki ngapi? Onyesha njia." Wakitoka mlangoni wanakukabidhi.

Karatasi 90 hazihitaji kusahihishwa moja moja kwa kalamu nyekundu. Zigawe mafungu matatu ukiwa umesimama: ameelewa, amekosea hatua, hajui aanze wapi. Haichukui muda mrefu. Fungu la tatu ndilo linaloandika andalio lako la kesho: chukua kosa linalojirudia zaidi, liandike ubaoni bila jina la mtu, na uanze nalo kipindi. Fungu la pili wagawe kwenye makundi tofauti, wakae karibu na wa fungu la kwanza. Hesabu ya kila fungu iandike kwenye sehemu ya tathmini ya andalio la somo, kwa mfano 52, 25, 13. Mthibiti ubora akija ataona kitu cha kweli, na wewe ukirudia shughuli hiyo mwakani utakuwa na cha kulinganisha. Mkikutana kwenye jumuiya ya kujifunza ya shule, peleka karatasi za fungu la tatu mezani mzisome pamoja na wenzako. Mizani, noti na kadi vitunzeni kwenye boksi moja ofisini, ili mwalimu wa darasa lingine asianze upya.